Unakwenda na Nani?

Siku moja kabla ya safari nilimpigia bibi simu Kisarawe kumuaga. Nilimwambia nakwenda Zambia na darasa, kwa basi, siku kumi. Hakuuliza nakwenda kufanya nini. Aliuliza, "Unakwenda na nani?"

"Na watu tu wa darasani, bibi."

Akanyamaza kidogo. "Watu tu?"

Nikacheka, nikamwahidi kwamba nikirudi nitapita kumsalimia.

Na kweli nilikuwa nawaona hivyo. Tulikuwa wanafunzi 17 wa shahada ya umahiri katika historia, tunajuana kwa majina ya kwenye orodha ya mahudhurio na kwa ugomvi wa kazi za kikundi. Hasa kijana mmoja wa Tabora. Muhula uliopita alileta sehemu yake usiku wa mwisho, nikaiandika upya mpaka alfajiri. Tangu hapo salamu yetu ilikuwa ya kutikisa kichwa. Asubuhi ya safari, saa kumi, nilipanda basi nikakuta kiti pekee kilichobaki kiko pembeni yake.

"Karibu, mtani," akasema. Nikavaa hedifoni.

Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Darasani tulifundishwa kwamba utani huu ulikua kwenye njia za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo hadi pwani. Ukiwa ugenini miezi kadhaa, unahitaji mtu wa kukupokea na wa kukuzika ukifa njiani. Nililiandika hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Sikuwahi kulifikiria zaidi ya hapo.

Chaji iliisha kabla ya Mikumi. Pale barabara inakatiza hifadhini na kila mtu akahamia upande wenye twiga. Kwenye mlima Kitonga basi lilichemka, tukashuka wote, tukapokezana madumu ya maji huku malori yakitupita polepole kwenye kona. Kufika Mbeya usiku nilikuwa nimeshajua nani anatapika kwenye kona, nani anakoroma, na nani hawezi kula chochote bila pilipili. Wasichana tulikuwa tumeshachimba dawa mara tatu vichakani, mmoja akiwashikia wengine kanga. Ukishamshikia mtu kanga, ni vigumu kurudi kumwita "mwenzetu wa safu ya nyuma".

Kesho yake tulivuka mpaka, Tunduma kwenda Nakonde. Tukabadilisha shilingi kuwa kwacha, tukarudisha saa nyuma kwa saa moja, tukala nshima kwa kapenta. Mtani wangu akatangaza kwamba ni ugali kwa dagaa na kwamba Wazambia wametuibia. Mama muuzaji hakuelewa neno, lakini alicheka kuliko sisi.

Usiku ule tulilala Mpika. Laini yangu ya simu ilikuwa haifanyi kazi tangu mpakani. Nilipopata intaneti ya nyumba ya wageni, ujumbe uliingia mfululizo. Bibi alikuwa amefariki alasiri ile. Mazishi kesho, saa saba mchana.

Nilipiga hesabu, kama vile hesabu ingebadilisha kitu. Hakukuwa na namna ya kufika. Nilikaa kwenye ngazi za nje mpaka dada mmoja wa Pemba, ambaye kabla ya safari sikuwa nimezungumza naye hata mara tano, akaja kunitafuta. Hakuniuliza chochote. Alichukua simu mkononi mwangu, akasoma, akaketi. Baada ya nusu saa ngazi zile zilikuwa zimejaa. Kuna aliyeleta blanketi, kuna aliyeleta chai. Dereva wetu, mzee wa Kipogoro, akasema, "Msiba haulali peke yake," akavuta kiti. Tulikesha pale.

Asubuhi safari iliendelea, maana hapakuwa na la kufanya zaidi. Tulikuwa tunakwenda Chitambo, kijiji alikofia David Livingstone mwaka 1873. Tuliiacha barabara kuu, tukashika njia ya Samfya. Ilipofika saa sita kwa saa za Zambia, ambayo ni saa saba nyumbani, dereva aliegesha basi chini ya miti bila kuambiwa. Tukashuka. Mzee akasoma Fatiha, tukaitikia. Waliokuwa Wakristo walisimama nasi wameinamisha vichwa.

Tulipogeuka kurudi, mtani wangu alikuwa amelala chali kwenye mlango wa basi, mikono kifuani, macho amefumba.

"Gari haliondoki," akasema. "Bibi wa Kizaramo amekwenda na deni langu. Nani analipa?"

Kwa sekunde moja hakuna aliyepumua. Kisha nikacheka. Nilicheka mpaka magoti yakaniishia nguvu, na hapo ndipo kilio kilipotoka, kile ambacho usiku kucha kilikuwa kimekwama. Nililia kwa sauti kando ya barabara ya nchi ya watu, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mwalimu wetu ndiye aliyelipa wa kwanza, noti ya kwacha kumi. Wengine wakafuata. Mtani alizihesabu zote kwa uso wa mdai sugu, akalalamika kwamba Wazaramo ni wabahili, kisha akazifunga kwenye pindo la kanga yangu. Hiyo ndiyo ilikuwa rambirambi.

Chitambo kuna mnara wenye msalaba juu, mahali palipokuwa na mti wa mpundu. Chini ya mti ule walizika moyo wa Livingstone. Mwili waliukausha, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Majina ya Susi na Chuma yamebaki vitabuni, lakini msafara ulikuwa na wengi, wanawake pia. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza swali la kitaaluma kuhusu vyanzo. Badala yake nilijikuta nafikiria jioni zao: nani alipika, nani alichekesha wenzake.

"Walipumzika kwetu, Unyanyembe," mtani akaninong'oneza. "Mngewapokea nyinyi, wangelala njaa."

Kwenye arobaini ya bibi walikuja sita kutoka darasani, pamoja na dereva. Mtani hakusalimia. Alivua viatu, akajilaza katikati ya jamvi, akadai deni lake. Shangazi zangu, ambao hawakuwahi kumwona, waliangua kicheko wakaanza kutafuta chenji.

Baadaye jikoni shangazi mkubwa aliniuliza, "Hawa umewapata wapi?"

"Nilisafiri nao," nikamwambia.

Hakuuliza zaidi. Akaongeza sahani saba.