Waliorekodi Bila Kutumwa

Tukitaja nyaraka za muziki wa Tanzania, mawazo yetu hukimbilia maktaba ya sauti ya iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Ni haki yake. Katika miaka ambayo kurekodi kibiashara hapa nchini kulikuwa jambo la nadra, studio ile ilirekodi bendi za dansi, taarabu, kwaya na ngoma, na bila hiyo tungekuwa fukara. Lakini wimbo wa studio ni wimbo uliokwisha kunyolewa: maneno yamepitiwa, urefu umepimwa. Ukumbini wimbo huohuo ulichemka hadi usiku wa manane, mwimbaji akiwataja waliomtunza, mpiga gitaa akijibizana na miguu ya wachezaji. Huo wa pili ulihifadhiwa, pale ulipohifadhiwa, na shabiki aliyeketi karibu na spika, redio kaseti ikiwa magotini.

Kwa ngoma hali ni nzito zaidi. Muheme wa wanawake wa Kigogo, wakiwa wamebana ngoma kati ya mapaja, hauna toleo moja lililo sahihi kuliko mengine. Kila uwanja una wake, kila kiongozi ana wake. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki dunia mwaka 2003, aliacha albamu zilizotolewa na kampuni za Ulaya, ikiwamo Chibite ya mwaka 1996. Nafurahi kwamba zipo. Hata hivyo, kwa Zawose mmoja aliyefika Uingereza kulikuwa na viongozi wengi wa muheme wasiowahi kuvuka mto wa kijiji chao. Sauti zao zimo wapi?

Nyingine zimo katika sanduku la bati la baba yangu mdogo, hapa Dodoma. Alikuwa dereva wa lori, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 alisafiri na redio kaseti. Popote alipolala penye ngoma, alirekodi. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa, na betri alinunua mwenyewe, jambo ambalo marehemu mama mdogo hakuacha kumkumbusha. Kila kanda inaanza kwa sauti yake: siku, kijiji, jina la kiongozi, kisha habari za mvua. Nimesoma mengi juu ya kanuni za kuorodhesha nyaraka, na nakiri kwamba sijaona orodha inayonipa mazingira ya tukio kwa ukamilifu kuliko mzee huyu anaposema kuwa wapo Mvumi, uwele umekauka, na watu wamekuja wengi kuliko alivyotarajia.

Ana desturi nyingine. Akimaliza kurekodi huvunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi tena juu yake. Hata hivyo kijana mmoja wa nyumbani aligundua kwamba ukiziba matundu hayo kwa selotepu, kaseti inakubali. Hivyo katika kanda moja muheme unakatika ghafla katikati ya kibwagizo, na mahubiri ya Jumapili yanaanza. Mhubiri ana sauti nzuri. Kiongozi wa ngoma ile alikwisha kufa, na hatujapata rekodi yake nyingine.

Hapa ndipo nina ugomvi na sisi wenyewe, wasomi na watumishi wa umma. Mwanafunzi anayetaka kusikia muziki wa Kigogo wa mwaka 1950 atauona katika rekodi za Hugh Tracey, ambazo makao yake yako Makhanda, Afrika Kusini. Anayetaka kusikia wa mwaka 1985 tunamwambia hakuna chanzo. Chanzo kipo, ila kimefunikwa na magunia ya mahindi, na mwenye nacho hana barua yenye nembo. Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imejengwa kimsingi juu ya majalada ya ofisi za umma. Mji uliojaa wizara una rafu nyingi za majalada, na sioni ni kwa nini sanduku la bati lisipate rafu moja.

Nitaulizwa kuhusu haki za wasanii, na swali ni halali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwigizaji na pia sanaa za jadi. Lakini kumrekodi mtu ili umsikilize nyumbani si sawa na kumpandisha mtandaoni ili uvune matangazo. Wenzetu Marekani waliliona hilo: bendi ya Grateful Dead iliwatengea mashabiki warekodi sehemu yao ukumbini mwaka 1984, kwa maelewano kwamba kanda zibadilishwe na zisiuzwe. Sisi tungeongeza sharti lililo letu: nakala ya kwanza irudi kijijini ilikotoka.

Siku hizi katika tamasha la muziki wa Kigogo kule Chamwino simu zimeinuliwa kila upande, na mtu anaweza kudhani tatizo limekwisha. Faili halina jina wala kijiji, linarushwa WhatsApp na kukonda njiani, kisha simu inajaa na kinachofutwa kwanza ni ngoma. Kaseti angalau ilikuwa na gharama, na mwenye nayo aliitunza.

Ukavu wa uwanda wetu umezifaa kanda hizi kuliko unyevu wa pwani. Adui wetu ni vumbi. Kunakili hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 90 inataka dakika 90, na kabla yake kusafisha hedi kwa spiriti. Mpira wa mashine ulikatika mwezi uliopita, tukachomoa mwingine katika redio mbovu. Tumemaliza kanda 41. Katika ya 38 baba mdogo anakohoa wakati wa kutaja jina la kiongozi, na mwenyewe hamkumbuki. Ni mwanamke, sauti nzito, na kijiji ni Mvumi. Baada ya mavuno tutaipeleka huko, tukawasikilizishe wazee.