Choo Kimoja, Mtaa Mzima!

Msomaji, ukifika Beijing usiishie kushangaa maghorofa. Ingia hutong, vile vichochoro vya zamani. Vilianza kupangwa karne ya 13, enzi za Wamongolia walioitawala China. Kimoja, Qianshi, kuna mahali hakifiki nusu mita. Ukikutana na bonge humo, lazima mmoja arudi nyuma!

Kuta ni za kijivu. Ukivuka mlango unakuta ua, na vyumba pande zote nne. Chumba cha kaskazini, kinachopata jua la kusini, kilikuwa cha wazee. Zamani ukoo mmoja, ua mmoja. Baada ya 1949 nyumba nyingi ziligawanywa, familia kibao zikabanana humo humo, na uani pakaota vijumba vya kupikia.

Choo je? Nyingi hazina. Asubuhi nami nilijipanga foleni kwenye choo cha mtaa, mbele yangu mzee kavaa pajama, gazeti kwapani. Wala haoni haya! Salamu zinaanzia pale, na umbea pia.

Hutong nyingi zilivunjwa miaka ya 1990, nyingine kabla ya Olimpiki ya 2008. Watu wakahamishiwa maghorofani, mbali. Nilimwambia bibi mmoja aliyekuwa akichambua mboga mlangoni kwamba nasikitika. Kupitia kwa mkalimani akaniuliza: "Kwenu choo kiko ndani?" Nikakubali. Akacheka mpaka akakohoa.

Mwanawe alihama, akasema, ana choo chake mwenyewe. Na kila Jumapili anapanda basi kuja kucheza karata hapa hapa kichochoroni.