Sisi Tulionunua Mwisho wa Zama

Kijana wa kwetu akitaka kuanza kupiga picha hapa Edgbaston, Birmingham, na akathubutu kuuliza mbele ya wazee anunue kamera gani, atajibiwa kabla hajamaliza swali. Chukua DSLR. Ile yenye kioo ndani, yenye uzito wa kushikika, inayolia ukajua kazi imefanyika. Hizo nyingine zisizo na kioo, ambazo vijana wanaziita mirrorless, ni vichezeo vya watoto. Jibu hilo nimelisikia harusini, nimelisikia matangani, nimelisikia mlangoni pa Birmingham Central Mosque watu wakitafuta viatu vyao. Wanaolitoa ni rika langu, waliofika mji huu miaka ya sitini na sabini kutoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Kampala. Nawaheshimu, na katika mengi tuko pamoja. Katika hili naona wanasimulia habari zao wenyewe, na kamera ni kisingizio.

Maana sisi tulizoea kupata vitu mwisho wa zama zake. Utotoni Mombasa koti lilikuwa la mtumba, na baiskeli ilikuja kwako ikiwa imeshapita kwa kaka zako wote. Tulipofika huku tukapanga nyumba ambazo wenyewe walikuwa wakizihama. Tukaingia kiwanda cha magari cha Longbridge kikiwa bado kinanguruma, kumbe kimeshaanza kuumwa. Kilipoanguka 2005 wengi wetu tulikuwa tumeshaondolewa zamani. Hata picha zetu za kwanza za kutuma nyumbani zilikuwa hivyo hivyo. Pale Balsall Heath, Moseley Road, palikuwa na studio ya Ernest Dyche na mwanawe Malcolm, iliyoishi miaka mingi kwa kuwapiga picha wasanii wa majukwaani. Biashara ile ilipofifia, tukaingia sisi: Wahindi, Wapakistani, watu wa Karibi, Waafrika, kila mtu na suti yake na kalamu kifuani, ili nyumbani wajue hatukupotea. Picha hizo leo zimehifadhiwa katika maktaba kuu ya mji, watafiti wanaziangalia kwa glavu. Sisi tulilipa tukaondoka.

Mtu aliyelelewa hivyo huwa fundi wa siku za mwisho. Anajua kupatana bei, anajua kufungua na kufunga, anajua kitu kizuri ni kile ambacho kasoro zake zimeshajulikana na watu. Ni elimu kubwa, sitaki kuidharau. Lakini ina ugonjwa wake: baada ya miaka hamsini mtu huanza kudhani kuwa hiyo ndiyo njia ya asili ya kumiliki kitu, na kwamba anayepata kitu zama zake zikianza amedanganywa.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Zenit E, ya Kirusi, ya mkono wa pili. Kamera zile zilitengenezwa kwa mamilioni, na hapa Uingereza ndizo zilizokuwa za maskini anayetaka kuchungulia kupitia lenzi yenyewe. Ilikuwa nzito kama adhabu. Kasi yake ya juu ilikuwa moja ya mia tano ya sekunde, ya chini moja ya thelathini, na nje ya hapo ulibaki na herufi B na kudra ya Mungu. Lenzi yake, Helios ya milimita 58, ilikuwa na pete mbili za mwanga. Kwanza ulifungua tundu lote ili uone vizuri na kulenga, halafu ulizungusha pete ya pili kulibana, na hapo kile ulichokuwa unakichungulia kilitiwa giza machoni pako. Ukisahau kuizungusha, picha imeungua. Ukikumbuka, mtu uliyemlenga ameshageuza uso.

Niliipeleka uwanja wa kriketi wa Edgbaston tarehe 7 Juni 1975, siku ya kwanza ya Kombe la Dunia la kwanza la wanaume. Vijana wa leo ukiwaambia kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na timu katika mashindano yale wanakutazama kwa huruma. Ilikuwapo: wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya jina moja, nahodha Harilal Shah wa Kenya, na ndani yake John Nagenda, mwandishi wa Uganda ambaye baadaye alikuwa mshauri wa Rais Museveni. Walicheza na New Zealand. Glenn Turner alisimama pale overi zote 60 na kupata mikimbio 171 bila kutolewa. Wetu wakajibu kwa 128, Frasat Ali akiongoza kwa 45. Wiki moja baadaye, uwanja huo huo, England wakatumaliza kwa 94. Hatukujali sana. Tulikuwa tumevaa vizuri, tunawaita wachezaji kwa majina kwa Kiswahili na Kigujarati, na Waingereza waliokaa nyuma yetu hawakujua wanyamaze au wacheke.

Picha zangu za siku ile ziko. Kwa lenzi ya milimita 58 wachezaji wametoka kama punje za mchele zilizomwagika juu ya mkeka wa kijani. Nilikuwa na mkanda mmoja wa picha 36, na nilingoja siku nyingi usafishwe ndipo nijue nimepata nini. Wenzangu husema kungoja kule ndiko kulikotufundisha. Labda. Mimi nakumbuka zaidi kwamba nilipozipata picha nilikuwa nimeshasahau nilifungua tundu kiasi gani na kasi ilikuwa ngapi, kwa hiyo sikuweza kujua kipi kimeharibu kipi.

Tukija kwenye kioo chenyewe, ambacho ndicho kiini cha ubishi, kazi yake ni hii. Mwanga unaingia kwa lenzi, unakutana na kioo kilicholala kwa digrii 45, unarushwa juu, unazunguka ndani ya prizimu na kuingia jichoni. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu kuupisha mwanga uende kwenye filamu, au siku hizi kwenye sensa. Kioo kikiwa juu, jicho halioni kitu. Maana yake, nukta ile hasa unayoipiga ndiyo nukta usiyoiona. Kizazi kizima cha wapigapicha tumefanya kazi kwa kukisia kile kilichotokea tukiwa gizani, na tukajenga heshima juu ya kukisia huko.

Kamera isiyo na kioo imeondoa hilo. Sensa inatazama muda wote na kukuonyesha inachokiona katika skrini ndogo iliyo ndani ya tundu la kuchungulia. Ukizidisha mwanga, unaona umezidi kabla hujabonyeza. Ukipunguza kasi, katika baadhi yake kingo za mtu anayetembea zinaanza kuvurugika mbele yako. Kwa anayeanza, huyo ni mwalimu asiyechoka. Kile nilichojifunza mimi kwa miaka, na kwa fedha za kusafishia mikanda, mtoto anakielewa mchana mmoja kando ya bwawa la Edgbaston Reservoir akiwapiga bata. Sioni kwa nini nimwonee wivu, na zaidi sioni kwa nini wivu wangu niuite ushauri.

Mjukuu wangu anasoma hapa hapa University of Birmingham. Alitaka kamera ya kupigia harusi za kwetu, hasa upande wa wanawake ambako mpigapicha mwanamume haingii, na akipata nafasi apige na kriketi. Aliniuliza mimi peke yangu, jikoni, kwa hekima yake: "Babu, ninunue ya kioo au isiyo na kioo?" Nikamwambia asiniharakishe, nikachukua madai ya wazee moja moja.

Uzito nilianza nao kwa sababu unachekesha. Wazee wanasifu DSLR kwa uzito wake, na vijana wanasifu zile nyingine kwa wepesi. Sasa Nikon D3500, ambayo ni DSLR ya 2018 iliyotengenezwa kwa wanaoanza, ikiwa na betri na kadi ina gramu 415. Nikon Z50, isiyo na kioo, ya 2019, ina gramu 450. Wote wawili wanabishana bila kupima.

Kwa betri, wazee wana haki. D3500 ilipimwa kuwa inapiga picha 1,550 kwa betri moja, na Z50 karibu 300 tu, kwa sababu skrini na sensa vinakula umeme hata usipobonyeza kitu. Harusi ya Kiswahili haianzi saa iliyoandikwa kwenye kadi. Anayekwenda na betri moja ataikuta imekufa kabla bibi harusi hajatoka.

Kwa bei pia wana haki. Walioiacha DSLR wanaiuza, na soko limejaa. Kwa pauni mia na kitu mtu anapata Nikon D3200 ya 2012 yenye megapikseli 24 pamoja na lenzi yake, ilhali Canon R50 mpya, isiyo na kioo, na lenzi yake inapita pauni 600. Mtoto asiye na kitu mfukoni ningemwambia achukue D3200 leo hii, asingoje, maana kamera uliyo nayo inakufundisha na ile unayoiota haikufundishi lolote.

Ama ile sauti wanayoisifu, hiyo nilikataa. Wakati wa nikahi, sheikh anaposema na ukumbi umenyamaza, kioo kinachopigapiga ni utovu wa adabu. Kamera nyingi zisizo na kioo zinaweza kupiga kimya kabisa. Ajihadhari tu na taa za LED za kumbi zetu, kwa sababu kupiga kimya chini ya taa hizo mara nyingine kunaichora picha mistari ya kulala.

Halafu liko lile ambalo wazee hawalitaji kabisa. Mwaka 2018 Canon na Nikon, vigogo wa kioo, walileta mifumo mipya isiyo na kioo. Mwaka 2020 kila mmoja akatoa DSLR yake kubwa ya mwisho, Canon 1D X Mark III na Nikon D6, na mwaka huo huo zisizo na kioo zikauzwa na viwanda kwa wingi kuzipita zenye kioo. Pentax ndiye aliyebaki akisema kioo hakiachi. Mdomo wa lenzi wa Nikon uliozaliwa 1959 umeishi vizuri, umezeeka vizuri, na hakuna aibu katika kufika mwisho. Lakini ni mwisho. Tunamwita mtoto mwenye miaka ishirini aje asimame pale pale tuliposimamishwa sisi, na tofauti ni kwamba sisi hatukuulizwa.

Katika mabishano haya jina la mpigapicha Mohamed Amin halikosi. Alizaliwa Nairobi 1943, akakulia Dar es Salaam, akapiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar na njaa ya Ethiopia ya 1984, na wazee hupenda kumtaja kama ushahidi kwamba zamani watu walijua kazi bila mitambo kuwafikiria. Mimi namtaja kwa jambo jingine. Mwaka 1991 mlipuko wa Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia. Kama angekuwa mtu wa kushikilia namna ya zamani ya kushika kamera, angekaa nyumbani.

Mjukuu alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda akanunua kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekipendekeza: Sony A6000, isiyo na kioo, ya 2014, ya mtumba. Hilo halikutupitia kichwani. Tulidhani mpya na iliyotumika ni kambi mbili, kumbe zama mpya nazo zimeshazeeka vya kutosha kuwa na mitumba yake.

Kisha akaniomba lenzi ya Zenit. Nilimwambia haitakaa. Akaniambia itakaa, na akanieleza kwa nini, na hapa nilifurahi kuwa mwanafunzi. Lenzi ya Zenit inataka kukaa milimita 45 na nusu kutoka kwenye filamu. Sony, kwa kuwa haina kioo cha kupisha, imeacha milimita 18 tu, kwa hiyo nafasi iliyobaki unaijaza kwa pete ya chuma ya bei ndogo, na kazi imekwisha. Kwenye Nikon ya kioo ambayo wazee wanaisifia, nafasi ni milimita 46 na nusu, imeshapita, na Helios ikifungwa pale haiwezi kulenga vitu vya mbali bila kuongezewa kipande cha kioo katikati. Canon ya kioo, yenye 44, ingeipokea kwa taabu kidogo. Basi kamera ambayo rika langu wanaiona imekata undugu na ya zamani ndiyo iliyoipokea lenzi yangu ya 1975 bila masharti. Na kwa kuwa sensa yake ni ndogo kuliko filamu, zile milimita 58 zinaona kama 87, kwa hiyo mchezaji wa kriketi sasa ana miguu na mikono.

Siku moja mmoja wa wale wazee, mkali wa DSLR kuliko wote, aliishika pale nyumbani. Akachungulia, akazungusha pete ya Helios polepole mpaka kingo za kikombe cha chai zikawaka nyekundu, kuonyesha kuwa hapo ndipo palipolengwa. Akazungusha tena. Akamlenga mjukuu, akanilenga mimi, akalenga dirisha. Kabla hajabonyeza, betri ikazimika mikononi mwake.

"Si nilisema?" akasema, na huku bado ameishika, akataka kujua pete ile ya chuma ni pauni ngapi, kwa sababu naye ana Zenit darini.