Redio ya Zimamoto

Jumapili, 14 Januari 2024. Dorchester, Boston

Mzee wa ghorofa ya chini amehamia Brockton kwa binti yake. Hakutaka kubeba kila kitu, kaniachia kiti cha bembea, sufuria mbili na skana. Skana yenyewe ni redio nyeusi ya mkononi, imefungwa utepe wa gundi mahali palipovunjika. Inapita masafa moja baada ya jingine. Ikikuta mtu anazungumza inasimama, akinyamaza inaendelea na safari yake. Mzee alishafungia nje mabasi, viwanja vya ndege na takataka nyingine, akabakiza chaneli za zimamoto wa Boston na Metrofire, mtandao ambao miji jirani hutumia kuitana msaada. "Usiisikilize ukiwa na usingizi," aliniambia, "utaota magari." Mimi nafanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee. Usingizi ninao muda wote.

Ijumaa, 2 Februari

Naanza kuuelewa mpangilio. Opereta hana jina, anaitwa Fire Alarm, kana kwamba ofisi nzima ni mtu mmoja. Anataja namba ya kisanduku, kisha mtaa, kisha magari yanayotakiwa. Namba ni ya kisanduku chekundu cha barabarani kilicho karibu na tukio, hata kama aliyeita msaada alipiga simu na hakukigusa. Gari lililoitwa linajibu. Likifika, kabla ya lolote, linaeleza linachokiona: nyumba ya mbao, ghorofa tatu, hakuna kinachoonekana.

Hilo la mwisho ndilo ninalolisikia kuliko yote. Haina maana kwamba hakuna moto. Maana yake ni kwamba ukisimama barabarani huoni moshi wala mwali, na watu watapanda ngazi kwenda kuhakikisha. Mara nyingi wanakuta sufuria iliyosahauliwa, au bafu lenye mvuke, au kengele mbovu. Katikati ya hayo kuna lifti zilizokwama, mabomba yaliyopasuka, na wagonjwa wengi kuliko nilivyodhani. Anayefikiri zimamoto kazi yao ni moto asikilize siku moja tu.

Mama akapiga simu kutoka Tanga huku redio inaunguruma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kelele gani hiyo?"

Nikamweleza.

"Ehe. Sasa wewe kukaa unasikiliza watu wanaunguliwa, unapata nini?"

Nikamwambia hawaunguliwi, wameunguza ubwabwa tu. Akacheka, lakini hakuliondoa swali, na mimi sikuwa na jibu.

Jumatano, 21 Februari

Sikuwa kazini jana. Saa tisa usiku gari la kwanza likasema moshi unatoka nyuma, ghorofa ya pili. Hata dakika haikupita, moto umeshapanda vibaraza vya nyuma na mkuu wa eneo anaomba kengele ya pili, yaani magari mengine juu ya yale ya kwanza.

Zamani ningedhani ameogopa mapema. Sasa najua nyumba zenyewe, maana nami naishi ndani ya moja. Mitaa ya Dorchester imejaa nyumba hizi za mbao za ghorofa tatu, zilizojengwa kwa ajili ya familia za wafanyakazi tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1920. Nyingi kuta zake zina uwazi unaoanzia chini na kwenda hadi darini bila kizuizi. Moto ukiingia humo unapanda kama moshi wa dohani, na aliyeko ghorofa ya tatu anaupata kichwani mwake kabla hajauona mlangoni. Nyuma vibaraza vya mbao vimepandana, na jirani yuko hatua chache. Ukisubiri kuhakikisha, una nyumba tatu.

Kilichonishika ni sauti. Mtu yuko ndani ya moshi, unasikia hewa ikivutwa kwenye barakoa, na bado anazungumza kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Ghorofa ya tatu imepekuliwa, hakuna mtu. Fire Alarm akarudia: ghorofa ya tatu imepekuliwa, hakuna mtu. Hakuongeza neno. Kila lisemwalo linarudishwa kwa mwenyewe, ili kama limesikika vibaya lisahihishwe pale pale. Kazini kwetu tunapokezana zamu kwa kupiga kelele kutoka mwisho wa korido, halafu tunashangaa dawa ya mtu imesahauliwa.

Labda hilo ndilo ninalopata, mama. Nasikia watu wazima wakiwa katika shida na hawagombani.

Jumanne, 26 Machi

Leo miaka kumi tangu moto wa 298 Beacon Street, hapa Boston. Ilikuwa mchana, upepo mkali ukitoka Mto Charles. Mafundi waliokuwa wakichomelea vyuma jirani ndio walioanzisha moto. Luteni Edward Walsh wa gari la Engine 33 na Michael Kennedy wa gari la Ladder 15 walishuka na mpira wa maji kwenda chini ya nyumba, upepo ukausukuma moto kuwafuata, mpira ukaungua na maji yakakatika. Walsh aliomba maji kwa redio. Wote wawili walikufa. Kengele zilifika tisa.

Nikampigia mzee Brockton. Siku ile alikuwa akisikiliza, kwenye skana hii hii. Rekodi ziko mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzifungua, lakini yeye hajazifungua hata mara moja na ameniomba nami nisizifungue. Nimemkubalia. Kuna kusikia jambo linapotokea, pengine huku unamwombea mtu, na kuna kulirudia kwa starehe yako ukiwa na chai mkononi.

Niliyoandika Februari kuhusu sauti tulivu nayaacha yalivyo, ila yana mpaka. Walsh alisema kila kilichopaswa kusemwa, na kwa utaratibu. Utulivu hauzuii mpira kuungua. Mama yake Kennedy aliliona hilo kuliko wote: alianzisha mfuko wa kugharimia, pamoja na mengine, utafiti wa mipira inayostahimili moto.

Jumapili, 14 Aprili

Kengele ya moto ililia kazini usiku wa kuamkia leo. Mkate kwenye kibaniko, jiko la wahudumu. Tukafunga milango ya vyumba, tukasimama koridoni kama tulivyofundishwa. Bibi wa chumba cha mwisho akawa ananiuliza kama vita imekwisha. Magari yakafika, taa nyekundu ukutani, na mimi nikajua kabisa kinachosemwa nje na nani anakirudia. Wanne wakaingia na mashoka kwa ajili ya kipande cha mkate. Hawakucheka, wala hawakutukaripia. Mmoja aliinama akamwambia bibi vita imekwisha.

Jumamosi, 11 Mei

Wapo hapa wanaopenda zimamoto kama wengine wapendavyo mpira, na wana chama chao, Boston Sparks Association, cha tangu 1938. Maarufu kuliko wote alikuwa Arthur Fiedler, kiongozi wa okestra ya Boston Pops, aliyekuwa akikimbilia mioto mikubwa kwa gari lake. Napenda kumfikiria bado na suti ya jukwaani.

Mimi siendi kutazama. Wala sipendi vijana wanaochukua anwani kwenye skana na kuzibandika mtandaoni kabla mwenye nyumba hajajua yuko wapi mwanawe. Ni hao hao wanaowapa wakubwa sababu ya kufunga masafa ili raia wasisikilize. Denver walishafunga mwaka 2019, polisi na zimamoto pamoja. Polisi wa New York walianza kufunga 2023. Ya polisi wabishane wenyewe. Ya zimamoto nataka yabaki wazi. Moto wa jirani ni habari yangu, tumepakana.

Jumanne, 18 Juni

Joto kali, na leo mchana namba ya dharura, 911, imekufa. Massachusetts nzima, kwa muda wa karibu saa mbili. Simu zetu zikapiga kelele zote kwa pamoja kwa ujumbe wa dharura. Wakubwa wa jiji wakawakumbusha watu kitu ambacho wengi walidhani ni pambo la barabarani: visanduku vyekundu bado vinafanya kazi.

Vinafanya kazi kwa telegrafu. Daktari William Channing na fundi Moses Farmer ndio walioutengeneza mfumo huu, na Boston ukaanza kutumika mwaka 1852, kabla ya simu kuwepo. Ukivuta mkono wa kisanduku, gurudumu lenye meno huzunguka na kukata umeme kwa mpangilio wa namba yake. Namba 1514 inagonga moja, tano, moja, nne. Waya ni wa jiji lenyewe, haupiti kwa kampuni ya simu, kwa hiyo hitilafu ya leo haikuwa na njia ya kuufikia.

Kwenye skana mchana ulikuwa wa kawaida. Kengele chache, mgonjwa wa joto, lifti.

Alhamisi, 20 Juni

Kisanduku cha karibu na kazini kiko kona ya pili, nyuma ya mti. Nimepita pale mara nyingi bila kukiona. Usiku nimewaambia wenzangu, wakanicheka, kisha mmoja, dada wa Eldoret, akauliza kwa dhati:

"Sasa ukivuta, unaongea na nani?"

"Huongei na mtu. Namba inakwenda yenyewe, wanajua ni kona hii tu, hawajui ni nyumba gani. Kwa hiyo huondoki. Unasimama pale pale mpaka gari lifike, uwaonyeshe mlango."

"Na wazee tumewaacha na nani?"

Tukapanga: mmoja kisandukuni, wengine wawili ndani.