Jibu Bila Mji

Katika kutegeana vitendawili, aliyeshindwa hudaiwa mji kabla ya kupewa jibu. Chuoni tuliwaambia walimu wanafunzi kwamba mji ule si mzaha mtupu. Ni bei ya jibu, na kilichonunuliwa hutunzwa.

Hayo nimeyawaza nikimsikiliza mjukuu wangu akisimulia michezo ya kompyuta ichezwayo na maelfu ya watu kwa pamoja. EverQuest ilipotoka Marekani mwaka 1999, mchezaji aliingia katika nchi ya kigeni isiyo na ramani. Aliyepotea hakuwa na budi kumwuliza mpita njia, na hapo urafiki ulianza. Mwaka 2004 ikafuata World of Warcraft. Humo lilikuwamo zimwi la moto, Ragnaros, na kundi la kwanza kuliangusha lilihitaji miezi mitano hivi. Mwaka 2019 mchezo huo ulirudishwa katika sura yake ya zamani, na zimwi lile likaanguka kabla ya wiki kwisha. Kwani kila njia na kila hila ilikuwa imekwisha anikwa kwenye intaneti.

Sisemi maarifa yafichwe; mwalimu gani atasema hivyo? Lakini jibu linalotangulia swali humnyima kijana mambo mawili: hamu ya kutafuta, na mwenzake wa kumwuliza. La pili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa maana upweke hauna kitabu cha majibu.

Basi, ndugu msomaji, mtoto akikujia na swali, usiharakishe. Mdai mji kwanza.