Paka Wetu, Kijana wa Mzigo na Haki Yake



Harusi zetu za visiwani siku hizi nusu yake hupita mlangoni. Bi harusi yuko ndani anasingwa, hatoki, na kila kitu kinamfuata: hina, udi, viatu, gauni kutoka kwa fundi, keki, hata pini za mtandio. Ikifika Shaabani, na tena Mfungo Mosi, hodi hazikatiki. Tunajua jina la fundi, la mpambaji na la mpishi. Yule kijana wa pikipiki anayeleta vyote hivyo, aghalabu hatumjui hata jina. Leo tunataka tuzungumze habari yake, na habari ya paka.

Paka kwetu ni mtu wa nyumbani. Hatumhesabu kuwa najisi, na wengi wetu tulisomeshwa chuoni kisa cha Abu Qatada, Allah amridhie, aliyemwinamishia paka chombo chake cha udhu ili anywe, kisha yeye akaendelea kutia udhu. Tunalala na paka, tunakula na paka miguuni, na bi harusi wengine huhama naye. Kwa hiyo tunasahau kwamba kwa mtu anayeingia nyumba hiyo kwa mara ya kwanza, paka wetu si Halua wala Kidoti. Ni mnyama asiyemjua, mwenye kucha na meno.

Sisi ni madada watatu, na mdogo wetu ndiye aliyekuwa anaolewa. Siku tano kabla ya nikaha kijana alileta gauni. Alipiga hodi, akasalimu, "Shikamoo mama." Mama akamwitikia na kumwomba aliweke sanduku pale ndani ya mlango, kwani lilikuwa kubwa. Paka wetu Halua alikuwa amezaa alfajiri ile nyuma ya kabati la viatu, wiki nzima kabla ya tulivyotazamia, na hakuna aliyekuwa amewaona watoto. Kijana alipoinama kuweka sanduku, Halua alitoka kama mshale. Alimkwaruza mkono wa kulia na kumuuma chini ya kidole gumba, mara mbili.

Tulikimbia wote. Damu haikuwa nyingi. Kijana alikuwa anatabasamu, ameuficha mkono nyuma ya koti. "Hakuna tabu mama, mkwaruzo tu. Nisainieni hapa niende, nina mizigo mingine minne."

Bibi yetu, aliyekuwa amekaa barazani na tasbihi yake, ndiye aliyemzuia. "Kaa chini mwanangu. Mwenye shida hasemi kama inauma."

Maneno yale yametukaa mpaka leo. Kijana analipwa kwa safari. Pikipiki si yake, na kila jioni anampelekea mwenye nayo hesabu, afanye kazi asifanye. Akilalamika kwa mteja, anaogopa mteja atapiga simu dukani. Kwa hiyo yeye atasema hakuna tabu hata kama tabu ipo. Dada zetu, msilichukue neno lile kuwa ni ruhusa ya kufunga mlango.

Mama alimkalisha barazani, tukaleta ndoo, kopo na sabuni ya kipande. Mlango ukawa wazi, majirani wanaona, na bi harusi akabaki chumbani kwake. Haya hayakuondoka, na mtu hakuachwa na jeraha lake kwa kisingizio kwamba nyumba ina wanawake watupu. Alioshwa kwa maji yanayomiminika na sabuni kwa dakika 15 kamili, tukitazama saa. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Watu huosha kwa dakika moja wakaona yametosha, na hilo silo wanaloelekeza wataalamu wa afya.

Mmoja katika jamaa alitaka kutia manjano, mwengine akasema kahawa ya unga. Hapana. Usitie kahawa, jivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Meno ya paka ni membamba na marefu kama sindano. Tundu linaonekana dogo juu, kumbe uchafu umepelekwa ndani kabisa, na ngozi inajifunga juu yake. Mkono ndio mahali pabaya zaidi, kwa sababu mishipa na viungo viko karibu na ngozi. Ndiyo maana jeraha la paka linaloonekana si kitu leo, kesho kutwa mkono umevimba.

Baada ya kuoshwa, jirani yetu mwanamume alimpeleka hospitali kwa gari yake. Na hapo ndani ya nyumba ukaanza mzozo.

Mama mkubwa alikuwa ameshatoa polo. "Paka huyu atiwe humu akatupwe sokoni sasa hivi, kabla hajamrukia mgeni mwengine siku ya harusi." Mdogo wetu akawa analia chumbani, singo usoni, mtu hajui amfute machozi au amwache. Alimlea Halua tangu akiwa mkubwa wa kiganja. Bibi akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Paka kaona mkono unakwenda kwa wanawe." Mama mkubwa akajibu kwamba yeye naye ana mzigo, wageni mia mbili wanakuja, na mgeni njoo mwenyeji apone, leo mgeni kaja, na yeye mwenyewe ndiye hakupona.

Wote wawili walikuwa na hoja. Lililoamua lilikuwa ni simu. Jirani alipiga kutoka hospitali: nesi anauliza, paka yupo? Ana mwenyewe? Ana chanjo?

Tuseme wazi hapa, kwa sababu wengi wetu tunadhani kichaa cha mbwa ni cha mbwa peke yake. Paka anaweza kukipata na kumwambukiza mtu kwa kumuuma au kumkwaruza. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno apone. Lakini akioshwa vizuri na kuanza chanjo mapema, kabla ya dalili, huokoka. Wenzetu wa Pemba wanalijua hili. Kisiwa kile kiliuondoa ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016 baada ya kuingia tena kutoka nje, na ukaondolewa tena mwaka 2018. Kwa hiyo mtu asiseme kwetu hakuna. Kinaweza kuja kwa jahazi.

Paka au mbwa aliyemuuma mtu hutazamwa kwa siku 10. Akibaki mzima wa afya siku zote hizo, daktari anajua kwamba siku ile alipouma hakuwa na ugonjwa kwenye mate yake. Basi ukimtupa paka sokoni, umetupa na jibu. Kijana atabaki na wasiwasi, na daktari hana cha kutazama. Hospitali haikungoja siku hizo zipite. Ilimdunga sindano ya kwanza siku ile ile, pamoja na ya pepopunda. Lakini kama ziendelee zote au zisimame, hilo linamtegemea daktari, na daktari anamtegemea paka.

Polo likarudi stoo. Halua na watoto wake wanne wakahamishiwa chumba cha nyuma, mlango ukafungwa, na tukawekeana zamu ya chakula na maji. Zamu tuliiandika, kwa sababu katika pilikapilika za harusi mnyama aliyefungiwa husahaulika, na sote tunakijua kisa cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie.

Jioni likaja suala la pesa. Wengine walisema, mpeni chochote, sadaka, hakukusudia mtu. Wengine wakasema hatudaiwi kitu. Ami yetu, aliyesoma, alitutuliza. Kimsingi, alisema, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba dhara la mnyama peke yake halina fidia. Lakini wanavyuoni wamefafanua. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho watu wa madhehebu ya Shafi wanakisoma sana, amemtaja paka khasa: akila ndege wa watu au chakula chao, na tabia hiyo imeshajulikana kwake, mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana. Ikiwa haijajulikana, halipi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi.

"Halua alikuwa hajajulikana," akasema ami. "Lakini tokea leo amejulikana."

Tulikaa kimya. Maana yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Mara ya kwanza ni bahati mbaya. Mara ya pili, baada ya kujua, ni dhima. Kila mwenye paka anayerukia, mbwa anayefukuza, au bata bukini anayewauma wapita njia, na huku anacheka na kusema "huyu ndivyo alivyo", basi ameshajitolea ushahidi dhidi ya nafsi yake. Kwa tukio lako mwenyewe muulize sheikh wako. Sisi tunaeleza tulivyoelezwa.

Ami akatukumbusha pia kisa cha Nabii Daud na Nabii Suleiman, amani iwe juu yao, kilichotajwa katika Surat Al-Anbiyaa, pale wanyama wa watu walipoingia usiku katika shamba la wengine. Wafasiri wanaeleza kwamba hukumu ya Suleiman ilikuwa mwenye shamba atumie maziwa na sufi ya wanyama wale, na mwenye wanyama alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Shabaha ilikuwa kumrudishia aliyedhurika kile alichopoteza.

Basi tukajiuliza: kijana huyu amepoteza nini? Nauli ya hospitali, dawa na sindano. Siku za kazi, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaoshika moto wa pikipiki. Na hesabu ya kila siku kwa mwenye chombo. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau. Unamlipia mtu matibabu ukadhani umemaliza, kumbe kila siku anayolala nyumbani deni lake linapanda.

Mdogo wetu ndiye aliyeamua, kwa sauti ya kutoka chumbani: maua ya jukwaani yapunguzwe nusu. Mama mkubwa, yule yule wa polo, alikuwa wa kwanza kusema ahsante mwanangu. Mkono ulivimba siku ya pili kama tulivyoogopa, akapewa dawa, na siku kumi na moja hakupanda pikipiki. Ami alimpelekea pesa mwenyewe, kwao, mbele ya mama yake. Kijana alikataa. Ami akamwambia, "Hii si sadaka baba, hii ni haki yako. Sadaka tungekuletea usiku." Akapokea. Halua alimaliza siku zake 10 mzima, alhamdulillah, na daktari ndiye aliyetoa uamuzi wa sindano zilizobaki.

Mabiharusi, mnakwenda kuwa wenye nyumba. Hodi zitapigwa kwenu sasa, na jibu litakuwa lenu. Haya tuyashike:

Ukihamia na paka, mwambie mume mapema, na mpate mahali pake paka pasipokuwa karibu na mlango wa mbele. Paka aliyehamishwa nyumba huwa na hofu wiki za mwanzo, na mwenye hofu ndiye anayeuma.

Mchanje kila mwaka, na kadi yake iwekwe pamoja na karatasi muhimu za nyumba. Ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe itakuelekeza. Paka mwenye mimba au watoto, mlango wake ufungwe.

Ukiagiza kitu, mwambie anayeleta apige simu akifika. Utoke wewe, au atoke mtu, mzigo upokelewe barazani. Wanaokaa ghorofani wana kapu na kamba, desturi ya bibi zetu ambayo bado ina kazi.

Likitokea la kutokea: maji, sabuni, dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo hata akisema hakuna tabu. Chukua namba yake ya simu na umpe yako. Mpigie kesho yake, na kesho kutwa. Mnyama asitupwe wala asiuawe kabla daktari hajasema.

Na umuulize jina. Mtume (s.a.w.) ametuusia mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Yule anayekuletea gauni la siku yako kubwa ana mama yake anayemngojea jioni arudi na mikono yake miwili mizima. Nyumba yenye baraka hujulikana pia kwa jinsi anavyoondoka mtu aliyeishia mlangoni pake.

Allah azijaalie nyumba zenu ziwe za salama kwa kila anayeingia na kila anayepiga hodi. Amin.