Daftari la Muuza Duka wa Kariakoo

Mtu aliyeihama Kariakoo, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1970 akirejea leo atalitambua Soko Kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Nyumba aliyokulia pengine hataiona.

Nyumba hizo zilikuwa za vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele. Aghalabu chumba kimoja cha mbele kilikuwa duka au mgahawa. Hapo mfanyakazi alikunywa chai kwa maandazi kabla ya zamu, na mama alimtuma mtoto achukue mchele kwa kukopa. Deni likaandikwa daftarini hadi mwisho wa mwezi.

Masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, viwanja vilipanda thamani. Nyumba zikabomolewa, maghorofa yakasimama, na wapangaji wengi wakahamia pembezoni mwa jiji.

Leo bidhaa zimejaa tele, nalo ni jambo jema. Lakini, ndugu msomaji, tarehe ishirini mshahara ukiwa umekwisha, ni ghorofa gani litakalomwandikia mtoto wako kilo ya mchele?